Walidhani Mdhamini ni Mtu wa Heshima

Askari wa baraza walifungua boma la Wekoye mchana kweupe, majirani wakitazama, wakatoa maksai wanne.

Hakuna aliyepiga nduru. Mwizi haji na karatasi yenye muhuri, bana.

Ilikuwa 1953, huko Sirisia, na mvua ya kwanza ilikuwa imeshanyesha. Bila maksai, plau ni chuma tu.

"Hili deni si langu!" Wekoye alisema. "Ni la Jairus!"

"Jairus yuko wapi?"

Askari hawakungoja jibu; wakawaswaga maksai.

Jairus alikuwa kaka wa Lenah, mkewe Wekoye. Mwaka uliotangulia alimwita Wekoye mjini Kitale, kwenye duka la Hashim, alikokuwa akichukua cherehani mbili na marobota ya vitambaa kwa mkopo.

"Mulamwa," Jairus alimwita, yaani shemeji, "weka kidole hapa. Wewe ni mdhamini wangu."

Wekoye alikuwa amesoma kidogo misheni. Neno aliliona, maana hakuijua. Akadhani ni mtu wa kuaminiwa, mtu wa heshima. Karani alikuwa palepale, lakini yeye, mzee wa kanisa, aulize neno mbele ya watu?

Akabonyeza kidole. Hakumwambia Lenah. Ati mambo ya wanaume.

Sasa alirudi Kitale.

"Mzee, shemeji yako alivuka mpaka kwenda Uganda na cherehani zangu," Hashim alimwambia. "Mdhamini ndiye anayelipa deni mkopaji akishindwa. Si ungeuliza?"

"Basi maksai wangu wamemaliza deni?"

"Bado. Ndiyo maana nilitaka wadhamini wawili."

Hashim akaifunua karatasi. Chini ya kidole cha Wekoye kulikuwa na kingine, kidogo, na jina kando yake.

Lenah.

Wekoye alifika nyumbani akamkuta mkewe ameketi kando ya kamba tupu. Ng'ombe wake wa maziwa, aliyemnunua kwa jasho la kuuza vyungu, alikuwa amechukuliwa asubuhi hiyo.

"Kwa nini hukuniambia?" Wekoye aliuliza.

"Jairus alisema ni heshima. Nikaogopa utanicheka kwa kutojua maana yake." Lenah akainua macho. "Na wewe, Baba Mukhisa, mbona ulininyamazia?"

Wekoye akaketi kando yake.

Msimu ule walilima kwa jembe la mkono, bega kwa bega, na hawakumaliza hata nusu ya shamba. Watoto walikunywa uji mkavu, bila maziwa.

Jamani, kuuliza si ujinga. Riba, hisa, dhamana: neno likikushinda, rudisha kidole mfukoni kwanza.

Kisha nenda nyumbani ukaulize. Huenda mwenzako naye anaficha la kwake.