Meneja wa Kiwanda Kisichokuwepo

Mkwe wangu anajenga viwanda visivyokuwepo. Mtu akiniuliza mke wa mwanangu anafanya kazi gani, humjibu hivyo hivyo, kisha namwacha akune kichwa. Mimi mwenyewe nilikikuna changu muda mrefu. Siku mwanangu alipomleta nyumbani akasema, "Mama, huyu ni mhandisi wa kemikali, anafundisha chuoni," nilimtazama mikono. Safi, haina hata doa. Nikajisemea moyoni, mhandisi gani huyu asiyejua hata harufu ya grisi?

Niseme mapema kwamba mimi nina mdomo. Sijisifu, ndivyo nilivyo. Nilikuwa mkuu wa jiko hospitalini mpaka nikastaafu, na jiko la hospitali haliendeshwi kwa kunong'ona. Wodini watu wanasubiri uji, masufuria yanagongana, mashine ya kuosha vyombo inaunguruma, na sauti yako lazima ipite juu ya hayo yote. Kazi niliiacha, sauti nikaondoka nayo. Mwanangu ni fundi wa meno ya bandia na anapenda utulivu. Tukiwa mezani huniambia, "Mama, tuko watatu tu hapa."

Mkewe sasa, huyo ndiye wa kunong'ona. Kimwili ni mdogo, anatembea haraka, chai yake hupoa mara mbili kabla hajaikumbuka. Meza yetu ya kulia imejaa michoro ya mabomba, na ole wako uweke sahani juu yake. Hawezi kuona kitu kinaingia mahali asiulize kinatokea wapi. Tangi la maji la paa letu amelichora kwenye kompyuta yake, na siku lilipofurika likamwagikia jirani, alitoka mbio na saa mkononi. Nilidhani anakwenda kufunga koki. Kumbe anataka kuona kama linamwagika kwa kasi ile ile aliyoikadiria. Jirani alikuwa amesimama na nguo alizokuwa ameanika, zimelowa tena, anamsikiliza akisema kwa furaha, "Imelingana!" Ikabidi nitoke mimi kwenda kuomba radhi.

Basi nikamwambia, nipeleke nikavione hivyo viwanda. Akanipeleka.

Chumba chake kiko mwisho wa korido ya chuo, kimepakana na ofisi yake. Kina kompyuta kwenye meza zilizounganishwa, viti vya aina mbalimbali vilivyookotwa huku na huko, feni inayotingishika, na skrini kubwa iliyochukua karibu ukuta mzima. Programu ameitengeneza mwenyewe, kwenye ile meza yetu, kwa miaka. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaingia mle kwa makundi na kila kundi linabuni kiwanda cha gundi ya mbao. Kwanza wanaamua gundi yenyewe iweje: ikauke haraka kiasi gani, iwe nzito au nyepesi, isiwachome macho mafundi seremala. Halafu wanachora kiwanda cha kuitengeneza: tangi la ukubwa gani, joto gani, bomba la maji ya kupoza lenye upana gani. Wakimaliza kuchora, kiwanda kinawashwa kwenye skrini nao wanakiendesha wenyewe, kile kile walichokichora.

Hapo ndipo pana utamu. Mkwe wangu anakaa nyuma yao na kompyuta yake, mpole kama kawaida, anawaharibia. Anapunguza maji ya kupoza. Anakwamisha koki. Gundi ile, alinieleza, ikishaanza kujipika inajitia joto yenyewe, na kadiri inavyopata joto ndivyo inavyozidi kujipika. Usipoiwahi, tangi linapasuka. Waliobana bomba la maji ili mchoro wao uonekane wa bei nafuu, hapo ndipo wanapojuta. Dawa ni kitufe kimoja chekundu. Ukikibonyeza, maji baridi yanamiminwa tangini na kila kitu kinazimika, ila gundi yote imeharibika, ni ya kutupwa. Usipokibonyeza kwa wakati, ukuta mzima unakuwa mwekundu na kiwanda chako kimelipuka.

"Sasa shida iko wapi?" nikamuuliza. "Si wanabonyeza tu?"

"Ndiyo shida yenyewe, Mama. Wanabonyeza haraka mno. Hakuna anayewagombeza."

Akavuta kiti akanisimulia jambo ambalo hata mwanangu alikuwa hajaniambia. Kabla ya kufundisha aliajiriwa kwenye kiwanda cha kweli. Tangi lilianza kupanda joto akiwa zamu, akampigia bosi wake, bosi akafoka kwenye simu kwamba mzigo unasubiriwa, asithubutu kuzima. Hakuzima. Hakufa mtu, lakini mwenzake wa zamu aliungua mikono yote miwili, na yeye akaacha kazi.

"Hesabu nilikuwa naijua, Mama," akasema. "Nilijua kabisa kinachokuja. Nilichokuwa sikijui ni kumwambia mkubwa hapana kwenye simu. Hilo hakuna aliyenifundisha."

Nikamwuliza anataka nini. Akatazama chini, akasema anahitaji meneja wa kiwanda, mtu wa kuwapigia wanafunzi simu tangi linapopanda.

"Unatafuta mtu mwenye mdomo."

"Nilitafuta neno zuri zaidi, Mama. Sikulipata."

Hivyo ndivyo nilivyorudi kazini. Nilikaa kwenye ofisi yake, mlango umefungwa, simu sikioni, na kwenye kompyuta yake naona namba moja tu: joto la tangi. Ikianza kupanda, napiga. Na nikipiga, napiga kweli. Nawauliza ni nani aliyewapa ruhusa ya kutupa tangi zima la gundi. Nawaambia malori yako getini, madereva wamelala kwenye usukani, na kesho wao ndio watakaokwenda kuwaeleza wateja. Nawauliza walisomea wapi.

Wote walinywea. Kundi la kwanza, la pili, makundi yote. Na wanajua fika mimi ni nani, wananikuta kwenye korido nakunywa chai na biskuti, wananiita Bi Meneja na kunicheka. Lakini wakiisikia ile sauti, mtu mzima mwenye ndevu anasema, "Sawa, mama, tunasubiri kidogo," na baada ya kidogo ukuta mwekundu. Aliyeshindwa vibaya kuliko wote ni binti mmoja wa miwani, kiongozi wa kundi lake. Yeye hata sikumaliza kufoka. Nilisema tu "Halo," kwa ukali kidogo, akajibu, "Basi hatuzimi."

Mkwe wangu hakuwa na haraka. Kila baada ya mlipuko anawakalisha, wanazungumza: ulihisi nini, ulikuwa unaogopa nini, ungemjibu vipi. Wanajaribu tena. Wanalipuka tena, ila wanachelewa kidogo kunitii.

Mwenye haraka alikuwa mkuu wa idara. Huyo kila akipita koridoni anaona ukuta mwekundu na kusikia mwanamke anafoka. Akamwita mkwe wangu akamwambia hii ni michezo ya kompyuta, na ni michezo ambayo wanafunzi wanashindwa. Wakaguzi wa bodi ya wahandisi walikuwa wanakuja. Watachagua kundi moja, wataliangalia. Likilipua kiwanda mbele yao, somo linafutwa muhula ujao na chumba kinakuwa stoo ya viti vibovu.

Nyumbani, mkwe wangu akaacha hata kuchora. Chai haikupoa mara mbili, haikuguswa kabisa. Mwanangu akawa ananitazama kana kwamba mimi ndiye ninayelipua.

Usiku wa kuamkia ukaguzi nikamfuata jikoni. Nikamwambia, "Mwanangu, hili ni jambo dogo. Kesho nitapiga simu, nitafoka kidogo tu kwa nje nje, kundi lolote litazima, wakaguzi watafurahi, chumba chako kinabaki. Nani atajua?"

"Hapana, Mama."

Tangu aolewe hajawahi kunikatalia kitu. Nikadhani sijasikia vizuri.

"Ukiwalegezea, hawatakuwa wamejifunza chochote," akasema, taratibu, lakini bila kuangalia chini. "Yule bosi wangu hakunilegezea. Bora chumba kiondoke. Kesho nataka umpigie atakayekuwepo kama hujawahi kumpigia mtu. Na ukimpunguzia, Mama, nitajua."

Nilikasirika, sitaficha. Nikaenda kulala bila kumuaga. Nikiwa kitandani nikajikuta natabasamu peke yangu, nikajigeuzia ukutani.

Asubuhi wakaguzi walifika, watatu, na suti zao na karatasi zao. Mkuu wa idara akawaongoza kana kwamba anawapeleka kwenye msiba. Wakapiga kura, na kura ikaangukia kundi la binti wa miwani.

Mimi nilikuwa ofisini na mlango nimefunga. Huyu mtoto nikimfokea dakika moja tu, amekwisha, na chumba kimekwisha, na miaka yote ile ya mezani imekwisha. Nikatamani kumlegezea. Namba kwenye kompyuta ikaanza kupanda. Nikapiga moyo konde, nikapiga simu.

Nilimfokea. Mungu ananiona, sikumbakizia. Malori nikayaongeza, wateja nikawaongeza, nikamwuliza kama anataka watu wote wa kiwanda wakose kazi kwa sababu yake. Akasema kwa sauti ya kutetemeka, "Mama, tangi linapanda."

"Limepanda mara ngapi na halijapasuka?"

Namba inapanda. Nikamsikia anahema. Nikajua kufoka kumefika mwisho wake, nikafanya lile ambalo nilikuwa sijalifanya kwa yeyote, maana jikoni nilikuwa naliweka kwa siku ngumu: nikalainisha sauti. "Sikiliza, mwanangu. Wewe una akili kuliko wenzako wote hapo. Nakuamini. Ngoja kidogo tu, halafu mimi mwenyewe nitakusifia kwa wakubwa." Nilijichukia nilipolisema, kwa sababu nilijua linafanya kazi.

"Mchoro ni wetu," akasema. Sauti ilikuwa bado inatetemeka. "Bomba la kupoza tulilibana sisi wenyewe, halitoshi. Nikingoja litapasuka. Nazima."

"Ukizima usirudi hapa kesho."

"Sawa," akasema, akanikatia simu.

Nikabaki na simu sikioni inalia tuu, tuu. Kompyuta ile ya ofisini ilinionyesha namba tu, na namba ilikuwa imesimama karibu kabisa na kiwango cha kulipuka, haipandi, haishuki. Kama amewahi au amechelewa, sikuweza kujua. Nilikaa nikiitazama ile namba mpaka macho yakauma. Kisha ikashuka kidogo. Ikashuka tena. Nikaweka simu chini.

Baadaye mlango ukafunguliwa, akaingia mkwe wangu. Alikuja akaniegemezea kichwa begani, yeye ambaye miaka yote hii ananisalimia kwa kuinama tu kwa heshima, akalia na kucheka kwa pamoja hadi blauzi yangu ikalowa. Ndipo akanisimulia. Ukuta haukuwa mwekundu. Gundi yote iliharibika, na mkaguzi mmoja akamwuliza yule binti atamwambia nini meneja kesho asubuhi. Binti akajibu kwamba atamwambia gundi imeharibika na watu wote wako salama, na tena ataomba bomba pana zaidi. Mkaguzi akavua miwani akaifuta muda mrefu. Halafu akamgeukia mkuu wa idara akamwuliza kwa nini vyuo vingine havina chumba kama hiki. Mkuu wa idara, bila hata aibu, akasema ni jambo ambalo idara yake imekuwa ikilipigania siku zote.

"Na wewe umemwachia aseme hivyo?" nikauliza.

"Nimemwachia, Mama. Chumba kinabaki."

Tulikuwa bado tunapangusa macho mlango ulipogongwa. Alikuwa binti wa miwani, amejikunyata mlangoni, mikono nyuma. Akasema, "Mama, nimekuja kuomba msamaha. Sikupaswa kukukatia simu, wewe ni mtu mzima."

Mkwe wangu akanitazama mimi, akingoja.

Nikasimama. Nikamwambia yule binti kwamba nimefokea watu maisha yangu yote, wapishi, madaktari, mume wangu Mungu amrehemu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunikatia simu. Nikamwambia msamaha huo auchukue arudi nao. Na kama siku moja, huko atakakoajiriwa, atatokea mkubwa yeyote wa kumdai aombe radhi kwa kuzima mtambo, anitumie namba ya simu ya huyo mkubwa, nitampigia mimi.