Mpiga Picha wa Cheche na Mkono wa Bwana Harusi

Saa moja na nusu usiku, uani kwa Bi Mastura huko Mambrui, taa zote zimezimwa. Kamera imesimama juu ya miguu yake mitatu, jicho wazi. Mbele yake wameketi Saad na mkewe Shekha, sahani ya halua katikati. Nyuma yao buibui jeusi linazunguka gizani, na mkononi mwake fataki ya waya inamwaga cheche.

Aliyemo ndani ya buibui ni Waruguru, mwanamke Mkristo wa Kisumu Ndogo, Malindi. Amelivaa ili kamera isimwone. Kwenye filamu inabaki njia ya moto tu: jina, ua, mwezi.

"Kanisani waliposikia navaa buibui, waliniombea wiki mbili," anasema. "Sikuwakataza. Maombi hayana hasara."

Hii ni mara ya pili maharusi hawa wanapigwa picha hii, na ndiyo itakayoamua kama Waruguru atabaki na kazi. Bi Mastura, mama yake Shekha, akikunja uso, milango ya harusi za wanawake inafungwa kuanzia Mambrui mpaka Malindi.

Kosa lilikuwa hivi. Usiku wa harusi, Waruguru aliandika majina ya maharusi kwa moto huku ameielekea kamera. Yakatoka kinyume, kama kwenye kioo. Kufika chumba cha giza akaigeuza filamu, akaisafisha picha upya, majina yakakaa sawa. Akaipeleka kwa madaha.

Lakini ukigeuza filamu unageuza na watu. Saad, aliyemlisha mkewe halua kwa mkono wa kulia mbele ya jamaa nzima, pichani anamlisha kwa wa kushoto.

"Mkono ule una kazi yake, na si ya halua," anasema Bi Mastura. "Jirani kaja kutazama picha, kaniuliza mkwe wangu kalelewa wapi."

Saad ni seremala. "Karakana nzima sasa hunipa nyundo upande wa kushoto," anasema.

Waruguru hakubisha. Miaka sita alifagia studio moja mjini bila kuruhusiwa kugusa kamera. Alipotoa wazo la picha za cheche, mwenye studio akaziuza kwenye hoteli za ufukweni kama ubunifu wake mwenyewe. Mpaka leo, mwaka huu wa 1986, watalii wanachorewa mioyo ya moto, na aliyebuni aliachiwa ufagio. Wanaotaka kusahau na wasahau, sisi tumeandika.

Waruguru akaondoka, akajitafutia kamera kuukuu, akaenda asikoweza kufika mwenye studio.

"Yule bwana ana masharubu," anasema. "Harusi ya wanawake ataingilia wapi?"

Ndiyo maana alikubali kuanza upya. Fataki hujaa madukani msimu wa Diwali tu, sikukuu ya Wahindi, kwa hiyo alijifunza kuandika kinyumenyume kwa mkaa ukutani, buibui mwilini ili mkono ulizoee.

Jirani yake, Musyoka, alichungulia dirishani. "Mtu mweusi tii anaandika majina ya watu kuanzia mwisho," anakumbuka. "Nilihamisha kitanda."

Uani, mwanga wa kamera unapiga mara moja. Shekha ana halua mdomoni na haruhusiwi kutafuna.

"Bado, dada," anasema Waruguru. "Sijafunga jicho."

Jumapili baada ya magharibi, picha inafika. Bi Mastura anautazama mkono kabla ya sura, akiinua wake kulinganisha. Ni wa kulia. Majina pia yanasomeka.

"Mdogo wake Shekha anaolewa mwezi ujao," anasema. "Njoo mapema, mwanangu, ule kwanza."

Kisha anashusha sauti. Maishani amepigwa picha moja tu, ya kitambulisho, na bado anaihesabu kuwa ni dhulma.

"Na mimi nikiushika moto huo, sura itatokea?"

"Haitatokea, mama. Moto tu."

"Watu watajua ni mimi?"

"Ukiwaambia."

Waruguru anasimamisha kamera. Bi Mastura anajifunika, anaingia gizani, anachora duara kubwa, na jingine, hadi cheche zinazimika. Ananyoosha mkono apewe fataki nyingine.

Waruguru anataka kufungua chumba chake cha picha Kisumu Ndogo, kwa wanawake wasiotaka sura zao zionekane lakini wanataka kuwamo pichani.

"Wako wengi," anasema. "Wasiwasi wangu ni fataki. Bi Mastura peke yake kamaliza pakiti."