Tembo Waliolala Barabarani

Rafiki yangu, usinicheke. Nikiwa mtoto niliamini kabisa kwamba tembo wakilala barabarani hulala tangu kupanda mpaka kuvuna, na hakuna dereva anayethubutu kuwapigia honi. Bibi ndiye aliyeniambia. Mama alikuwa amepelekwa hospitali Kahama, na kila nilipouliza atarudi lini, bibi aliinamia chungu cha matobolwa, vile viazi vikavu vya kuchemsha, akajibu, "Tembo wamelala njiani, mjukuu wangu. Hawezi kupita."

Juzi nimepita njia hiyo kwa basi, lami tupu. Nikamwonyesha kondakta walipokuwa wakivuka tembo. "Tembo gani, mzee? Huyu wa kwenye noti?" Nikacheka naye, halafu nikageukia dirishani.

Kwetu Ushirombo tembo walikuwa majirani. Walitoka msituni wakala mtama wetu, na sikio moja, nakuapia, lingetosha kuezeka nyumba na jiko lake. Tuliwafukuza kwa kupiga madebe. Basi nikachukua debe la bibi, kila jioni nikasimama barabarani nikalipiga mpaka nadhani Burundi walifunga madirisha.

"We mtoto, utatutoboa masikio!" jirani alifoka kutoka shambani kwake.

"Namfungulia mama njia!"

Jirani yule alikuwa na maneno kuliko mnada wa ng'ombe. Siku hiyo aliinama tu, akaendelea kupalilia.

Nilipiga debe misimu miwili. Kisha bunduki zikaanza kulia msituni, mchana kweupe, na mtama wetu ukakomaa bila kuguswa. Ndipo akaja bwana nyama, askari wa wanyamapori, na baiskeli yake. Alikunywa maji, akasema kama anayeleta habari ya msiba, "Bibi, majangili wamewamaliza. Huku hakuna tembo tena."

Nikarukaruka! Naona aibu kusema, lakini Tanzania nzima hakuna aliyefurahia kuisha kwa tembo kama mimi. Nilioga bila kuambiwa, nikavaa shati la kanisani, nikakaa kando ya barabara. Lilipita lori la pamba. Likapita basi la kutoka Kahama, halikusimama.

Bibi akaja, akaketi vumbini karibu yangu, akalipakata lile debe.

"Tembo hawakulala barabarani hata siku moja," alisema. "Ni mvua iliyokata njia. Mama yako alifariki siku ya tatu, akazikwa huko huko Kahama."