Mpiga chapa wa Mchafukoge na barua iliyomgeuza Candida mwanaume

Saa tatu na robo asubuhi, ndani ya duka la steshenari huko Mchafukoge, mzee mmoja mwenye kanzu anainamia kaunta na kueleza shida yake. Anataka barua ya Kiingereza iende chuo kimoja huko India, imwombee mjukuu wake chumba cha chini kwenye bweni, kwa kuwa mguu wake mmoja una hitilafu na ngazi zinamshinda.

Vidole vya Sitara Abubakary viko juu ya vitufe vya kompyuta, lakini haviandiki. Anamwacha mzee amalize, kisha anamuuliza kama mjukuu huyo ni wa kike au wa kiume.

Mzee anamtazama. "Mjukuu ni mjukuu, mwanangu."

"Ni kweli, baba. Kwa Kiswahili yanatosha hayo. Kiingereza ndicho kinachotaka kujua, tena mapema."

Mzee anatafakari kidogo, anacheka, anasema ni wa kike, na hata bweni lenyewe huenda lingetaka kujua. Ndipo vitufe vinapoanza kulia.

Sitara, mwenye umri wa miaka 41, humuuliza hivyo kila mteja anayetaka barua ya Kiingereza. Huuliza mtu anayetajwa ni wa kike au wa kiume, ni mmoja au ni wengi, na neno "yake" likitajwa, huuliza ni ya nani hasa. Wapo wanaotania, wapo wanaokereka. Mama mmoja aliwahi kumwambia kwamba alikuja kuandikiwa barua, hakuja kuposwa.

"Wengine huniona mbea," anasema Sitara. "Nawaelewa. Hawajui yaliyonipata."

Alizaliwa Magomeni, mtoto wa tatu wa fundi cherehani. Baba yake alipofariki, yeye alikuwa kidato cha pili, na mtihani ulikuwa umebaki miezi miwili. Hakuufanya. Alikaa nyumbani akimsaidia mama yake kuuza vitumbua, akaolewa, akajifungua binti mmoja, Badria, kisha ndoa ikaisha kwa amani, kila mtu akashika njia yake.

Kwenye duka hili, mali ya Bwana Harilal, aliingia kama mfagiaji. Akimaliza kufagia, alisimama nyuma ya kijana aliyekuwa akichapa barua na kutazama vidole vyake. Kijana alipoacha kazi na kuhamia Dodoma, Harilal alitafuta mpiga chapa kwa wiki mbili. Siku moja aliporudi kutoka benki alimkuta mfagiaji wake kwenye kile kiti, barua ya mteja imekwisha, haina kosa.

Huu ni mwaka wa kumi na tano sasa. Ukurasa wa kuchapa ni shilingi elfu moja. Wa kufasiri kwenda Kiingereza ni elfu nne, na nusu ya hiyo ni yake Sitara. Siku nzuri hurudi Magomeni na elfu ishirini. Siku mbaya hurudi na nauli na mboga.

Lakini huko kufasiri, kwa miaka mingi, hakukuwa kufasiri hasa. Kompyuta ya duka ilikuwa na barua za mfano: ya kuomba kazi, ya kuomba ruhusa, ya kumsifu mfanyakazi. Sitara alifuta jina la zamani na kuweka jipya, akabadili kazi na tarehe, akachapa. Maneno mengine aliyaacha kama alivyoyakuta.

Kuhusu maneno mawili ya Kiingereza, "he" la mwanaume na "she" la mwanamke, alikuwa na imani yake. Anakumbuka vizuri yalivyoandikwa ubaoni shuleni: yeye, halafu "he", halafu mkwaju mdogo, ule mstari wa mshazari, halafu "she".

"Nilidhani ni neno moja lenye sura mbili," anasema. "Kama vile mtu anavyoweza kusema mwanaume au mwanamume. Unachukua lolote. Mimi nilichukua 'he' kwa sababu ni fupi."

Anaicheka imani hiyo leo. Miaka miwili iliyopita haikuwa ya kuchekesha.

Mwezi Machi mwaka huo alikuja dada mmoja aitwaye Candida, mpishi wa wali na maharage kwenye banda la chakula pale Mchikichini, katikati ya wauza viatu vya mitumba. Kampuni moja yenye kambi za watalii kusini mwa nchi ilikuwa ikitafuta wapishi wasaidizi. Ilitaka barua ya sifa kutoka kwa mwajiri, kwa Kiingereza. Mwenye banda, Mama Klara, hakujua kuandika Kiingereza, ila sifa alikuwa nazo tele. Aliziandika kwa mkono kwenye daftari: anaamka mapema, mkono wake una ladha, wateja wake wanamfuata, hajawahi kugusa kisicho chake.

Sitara alichukua barua ya mfano ya kumsifu mfanyakazi. Ilikuwa imeandikwa zamani kwa ajili ya dereva wa lori. Akamtoa dereva, akamweka mpishi. Candida alilipa, akashukuru, akaikunja barua ndani ya bahasha ya kaki.

Siku tisa baadaye alirudi. Hakupiga kelele. Aliiweka barua juu ya kaunta, akainyoosha kwa kiganja.

"Dada, humu umemwandika nani?"

Sitara aliisoma barua yote na hakuona kosa. Jina lilikuwa sahihi, tarehe sahihi, muhuri wa Mama Klara upo. Akamwita Harilal. Mzee yule alisoma mistari minne, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Sitara," alisema taratibu, "mpishi huyu ana ndevu."

Mahali kumi na nne ndani ya ukurasa mmoja, Candida alikuwa mwanaume. Kwenye usaili, ofisa alimuuliza ni mwanaume gani anayesifiwa pale, na Candida, ambaye Kiingereza chake ni cha kuombea maji, hakuelewa swali. Alitabasamu na kuitikia kwa kichwa. Ofisa akahitimisha kwamba barua ni ya mtu mwingine, jina limebandikwa tu. Karatasi zake ziliwekwa pembeni na akaambiwa kampuni haiajiri watu wanaoghushi.

"Kukosa kazi nimezoea," Candida alimwambia siku ile. "Kuitwa mwongo sijazoea."

Harilal alisema angeandika barua ya maelezo na kugonga muhuri wa duka. Sitara alikataa. Anasema kila alipokumbuka yule dada akitabasamu mbele ya ofisa, alihisi kama yeye ndiye aliyemfunga mdomo. Alitaka kwenda mwenyewe, na alitaka kuyasema kwa Kiingereza kilekile kilichoharibu.

Ghorofa ya pili juu ya duka anaishi dada yake Harilal, Mwalimu Anjana, sasa ana miaka 74. Alifundisha Kiingereza shule za sekondari za jijini kwa zaidi ya miaka thelathini. Harilal alimpandisha Sitara ngazi mchana ule na kumwacha mlangoni. Mwalimu alimsikiliza, akamwekea chai, kisha akamwambia kwamba kwa muda uliopo hawezi kumfundisha Kiingereza, anaweza kumfundisha sentensi mbili.

Walizirudia hadi chai ikapoa. Sitara alikuwa akikosea mwishoni kila mara, akisema kosa ni la Candida badala ya lake mwenyewe. Mwalimu hakumkemea. Alimgusa kifuani kwa kidole, kisha akaelekeza kidole mlangoni, kwa yule asiyekuwepo. Lako. Lake.

Kesho yake Sitara na Candida walikwenda ofisini, jengo lenye lifti, mjini kati. Ofisa aliitwa Tarsis, mtu wa makamo, mwenye haraka. Aliwapa dakika tano wakiwa wamesimama.

"She did not lie," alisema Sitara. "The mistake is mine, not hers."

Yaani huyu hakudanganya, kosa ni langu mimi, si lake. Baada ya hapo Kiingereza kikamwishia.

Ofisa Tarsis akamjibu kwa Kiswahili. "Dada, ungesema Kiswahili tu ningekuelewa."

Candida anasimulia kwamba hapo ndipo alipocheka mara ya kwanza tangu usaili, na ofisa naye akacheka, akawavutia viti. Sitara aliyaeleza yote kwa lugha yake: dereva wa lori, mkwaju wa ubaoni, neno fupi. Ofisa aliipokea barua mpya, safari hii imekaguliwa na Mwalimu Anjana neno kwa neno, na mbele yao akakata kwa kalamu maneno ya kwamba ameghushi, yaliyokuwa yameandikwa kwenye jalada la Candida.

Nafasi yenyewe ilikuwa imekwisha kuchukuliwa. Hilo Sitara halifichi. Candida alirudi Mchikichini kupika wali kwa miezi mitano mingine, na katika miezi hiyo Sitara alikula pale kila Jumamosi, ingawa kutoka dukani ni mwendo. Mwezi Agosti simu ikaja kutoka kampuni ile. Leo Candida ni mpishi kwenye moja ya kambi zile, na anasema kwa simu kwamba mkate wake wageni huufunga kwenye leso kuondoka nao.

Sitara angeweza kuishia hapo. Wiki moja baada ya safari ya ofisini alipanda tena zile ngazi, safari hii bila Harilal, akamuuliza Mwalimu Anjana kama sentensi mbili zinaweza kuwa tatu.

Tangu hapo husoma kila siku ya kazi wakati wa chakula cha mchana, nusu saa, kwenye dirisha la ghorofa ya pili linalotazama barabara. Mwalimu hakumpa kitabu mwanzoni. Alimpa wapita njia. Kila anayepita, Sitara amweleze kwa Kiingereza: anakwenda wapi, amebeba nini, nani anamfuata.

Kilichomtesa zaidi ni "his" na "her", yote mawili "yake", la kwanza kwa mwenye kitu mwanaume, la pili kwa mwanamke. Mwanamke alipita amebeba viatu vya mumewe vilivyofungwa kwa kamba, na Sitara akasema "her", kwa kuwa mbebaji ni mwanamke. Mwalimu akatikisa kichwa. Viatu ni vya nani? Wiki nzima alikwama hapo, hadi siku moja mambo yakamfungukia akiwa anaosha vyombo nyumbani.

"Sisi tunatazama kitu," anaeleza, akikunja vidole. "Gari lake, kiatu chake, watoto wake. Mwenyewe hatumjui, anaweza kuwa yeyote. Waingereza wanamtazama mwenyewe. Gari na kiatu hawana habari navyo."

Yako mambo yaliyompa kiburi pia. Alipoambiwa kwamba "you" ni wewe na ni nyinyi, ni mtu mmoja na ni uwanja mzima wa watu, aliuliza mara mbili kuhakikisha. "Nikamwambia mwalimu, hapo sisi ni matajiri."

Mwalimu Anjana, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, anasema wanafunzi wake wengi walijua kanuni na hawakujua ni za nini. Huyu alianzia upande wa pili. "Alikuja anajua neno dogo linaweza kumfanya mtu nini," anasema. "Hilo mimi sikumfundisha."

Sitara alifungua barua zote za mfano zilizokuwa kwenye kompyuta, arobaini na moja, akazifuta. Harilal alishtuka kidogo, kwa sababu sasa kila barua inaanza kwenye ukurasa mweupe na inachukua muda. Foleni ikawa ndefu. Wateja wachache walihamia duka la jirani. Baada ya miezi kadhaa walirudi, na wakaja na wenzao. Wakili mmoja wa mtaa wa pili humtuma karani wake hapo, ingawa ofisi yake ina kompyuta tatu.

"Zamani alikuwa anachapa," anasema Harilal. "Sasa anaandika. Mimi namlipa kwa kuandika." Mwezi uliopita alimwongezea fungu lake kwenye kila ukurasa, bila kuombwa.

Nyumbani Magomeni, meza ni moja na wasomaji ni wawili. Badria yuko kidato cha tatu. Mama yake amejiandikisha kufanya mtihani wa maarifa mwezi Novemba, ule ambao wengi huuita QT, ili mwaka unaofuata afanye kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hesabu zinampa taabu, na mwalimu wake wa hesabu ni Badria, ambaye mama anasema hana subira hata chembe.

Ruhusa ya siku za mtihani Harilal ameshaitoa. Swali lilikuwa nani atakaa kwenye kiti. Mwalimu Anjana alisema atakaa yeye. Anachapa kwa vidole viwili, polepole sana, na amekwisha kuanza mazoezi.

Akifaulu, Sitara anataka kuomba nafasi ya kusomea ufasiri. Kwa hesabu yake ya haraka ameshaandika barua za kuomba kazi na masomo zaidi ya elfu sita, zote za watu wengine, wanaume na wanawake, na baadhi yao hakuwahi kuwaona tena.

"Ya kwangu sijawahi kuandika hata moja," anasema, huku akimwita mteja anayefuata kwa mkono. "Hiyo itakuwa rahisi. Itaanza na 'I', yaani mimi. Hiyo haiulizi kama wewe ni mwanamke au mwanaume. Inataka tu uwe wewe unayesema."