Nilimwaga Shanga za Zuhura Mlangoni

Acheni kuisingizia mashine! Eti inavua watu nguo. Haivui mtu! Aliyemvua Zuhura ni mimi, kwa mikono yangu hii.

Mimi ni mlinzi wa kike kwenye karakana ya kukata vito hapa Arusha. Jioni kila anayetoka anasimama kwenye mashine ya ukaguzi, kile kibanda cha kioo, mikono juu. Mawimbi yanapenya nguo, yanagonga ngozi, yanarudi. Kwenye skrini naona mdoli tu, na alama ya njano palipo na kitu. Sikupelekwa kozi, nilijifunza kwa kukodoa macho.

Rafiki yangu Neema, niliyekua naye kijijini Akheri, alifukuzwa kazi pale. Kuna mtu alimchoma kwa bosi kwamba anatoka na chembe za vito mdomoni, maana ndani ya mwili mashine haioni. Uongo mtupu! Mlinzi mwenzangu Jofu akaninong'oneza, "Ni Zuhura huyo."

Basi! Damu ikanichemka. Sikumuuliza hata Neema.

Jioni ile Zuhura, mkata vito mwenzake Neema, akaingia kibandani. Alama kiunoni. Jamani, nilijua ni shanga! Kila jioni nilikuwa nampeleka nyuma ya pazia, namkagua, tunataniana kuhusu mumewe.

Siku hiyo nikapaza sauti, "Kiunoni una nini?"

"Mdogo wangu, si unajua? Twende kwenye pazia."

"Toa hapahapa!"

Nikaingiza mkono, nikavuta. Uzi ukakatika! Shanga zikatawanyika sakafuni, miguuni mwa wanaume. Jofu akaokota moja, akainyanyua kwenye taa. "Dada, tanzanaiti hii?" Foleni nzima ikaangua kicheko. Na mimi nikacheka!

Habari ikamfikia mumewe, kule mtaani Sakina, kabla Zuhura hajafika nyumbani. Usiku uleule akamrudisha kwao, eti shanga zake zimeonwa na wanaume.

Nikakimbilia kwa Neema kujisifu. Akanitazama kama anayemwona mchawi. "Zuhura? Ndiye pekee aliyeniombea kwa bosi! Aliyenichoma ni Jofu, alinitongoza nikamkataa. Nani alikutuma? Toka kwangu!"

Mpaka leo hanisalimii. Zuhura nilimfuata kuomba radhi, mama yake akanifungia mlango usoni.

Wadogo zangu, hasira ya rafiki msiibebe kwa kuambiwa pembeni. Mtamchinja asiye na kosa, kama mimi!

Ila Jofu bado yuko kazini. Kila jioni anaingia kile kibanda, mikono juu, na skrini ninayo mimi. Ungekuwa wewe, ungemwacha?