Emukule Aiaga Spana

Itangazwe kwa madereva wote kutoka Malaba hadi Busia, waliolipa ushuru na waliozungukia vichochoroni: leo hii, mwaka wa 1998, fundi Emukule ameiaga spana.

Ndivyo alivyotangaza mwenyewe asubuhi hiyo gerejini kwake Busia, akiinua juu mashine ya betri ya kufungulia nati, isiyo na waya, aliyoletewa na shemeji kutoka ng'ambo. Spana yake, pamoja na bomba la kuirefusha, akamkabidhi jirani yake Amollo mbele ya watu. "Shika, mzee. Wewe endelea kurukaruka juu ya bomba kama chura."

Tangu hapo kila mpita njia aliungurumishiwa mashine hewani. Kitako cha kuichajia alikuwa amekiacha nyumbani. Alidhani ni cha kuilaza tu.

Saa sita Mama Jacinter akafika na pikapu ya samaki wa Budalang'i, gurudumu limepasuka, barafu ikichuruzika barabarani. Nati ya kwanza ikatoka vrrr, watu wakapiga makofi. Kwa ya pili mashine ikakohoa. Kwa ya tatu ikanyamaza.

"Fundi, samaki yangu inaoza!"

Emukule akaitikisa, akaipuliza, akaizaba kofi. Makofi ya watu yakageuka kicheko. Nzi walipoanza kutua kwenye samaki, akavuka barabara kichwa chini hadi kwa Amollo, aliyempokea kwa sauti iliyofika Uganda:

"Karibu, fundi mstaafu! Tukusaidie nini?"

"Spana."