Mwiko wa Karanga

Nilipokuwa mtoto kule Jilore, niliwekwa kuwa mlinzi wa sahani ya shangazi yangu Kadzo. Ulikuwa mwaka wa ukame, miaka ya themanini, na nyumbani tulikula sima ya mahindi asubuhi na jioni, mara nyingi kwa maji ya chumvi. Shangazi, dada mkubwa wa baba, alianza kuharisha. Kisha ngozi ya mikono ikaungua kama ya mtu aliyeshinda motoni, na shingoni ukazuka mduara mweusi wenye magamba.

"Amevishwa kidani," mganga alimwambia baba. Aliyemvisha ni pepo, na pepo huyo alipenda samaki, kunde na karanga. Shangazi asivionje, la sivyo angekuwa anamlisha yeye.

Wiki hiyo hiyo mama alirudi kutoka Kakuyuni na kibaba cha karanga. Zilikaangwa, tukagawiwa. Fungu la shangazi nilipewa mimi.

"Askari," aliniita tulipobaki wawili barazani. "Nipe punje moja. Pepo hajui kuhesabu."

"Baba amekataza."

"Babako! Nimembeba mgongoni akinikojolea, leo anikataze karanga?"

Nilicheka. Yeye pia alicheka, mkono kaunyoosha vile vile. Nilizila zote mbele yake, haraka, nisije nikamwonea huruma.

Baadaye akili ilimpotea. Aliniita kwa jina la marehemu mamake, akinisihi nimfungulie kidani. Nilimpapasa shingo, hapakuwa na cha kufungua. Alifariki kabla ya mvua.

Nilikuwa kidato cha tatu mwalimu wa biolojia alipotueleza maradhi ya wanaokula mahindi matupu: kuhara, ngozi kuungua palipopigwa na jua, akili kuvurugika. Ni upungufu wa vitamini mojawapo ya kundi B, alisema, akataja vyakula vinavyoileta mwilini: nyama, samaki, karanga. Niliyaandika yote kwa mwandiko safi.

Mganga sikumchukia. Naye alikula sima ile ile, na alimlilia shangazi mazikoni.

Baba angali hai. Kila tukimtaja dada yake, hunigeukia mimi, maana mama hayupo tena.

"Tulifanya kila tulichoambiwa, sivyo?"

"Ndiyo, baba," humjibu. "Tulifanya."